Uzi: Awamu nne, hojaji nne, kaya zilezile. Vigeu vinaoanishwaje?

Karani_wa_Ngara

Wadau, hamjambo. Kuna data ya kaya za Nairobi, Kiambu na Machakos zilizohojiwa 2012, 2015, 2018 na tena Februari 2022. Awamu ya kwanza ilikuwa ya karatasi, zilizofuata za tableti. Kila awamu ina hojaji yake na faili zake za Stata (programu ya takwimu). Majina ya vigeu (safu za data) yanafanana nusu nusu, misimbo ya majibu (nambari zinazosimamia majibu) haifanani kabisa, na wakubwa wanataka faili moja ndefu yenye elimu, ajira, maji, bima, mali na matumizi. Naomba hatua za kazi, hasa pale watu hunaswa. Nadharia ninayo ya kutosha.

BiTakwimu

Stata iweke kando kwanza. Kazi hii huanzia kwenye hojaji. Panga hojaji zote nne mezani, kisha fungua jedwali ambalo kila mstari ni swali moja katika awamu moja. Andika maneno kamili ya swali kama yalivyosomwa kwa mhojiwa, nani aliulizwa (kila mtu, wenye miaka fulani, au mkuu wa kaya peke yake), kipindi kinachoulizwa, majibu na misimbo yake, mruko uliotangulia (agizo la kuruka swali), na mwisho kabisa jina la kigeu kwenye faili. Jina liwe la mwisho kwa sababu ndilo linalodanganya kuliko vyote.

Mfano. Unakuta `pesa_simu` katika awamu tatu, unafurahi. Kumbe 2012 swali ni "Je, unatumia M-Pesa?", 2015 ni "Je, una akaunti ya pesa kwenye simu kwa jina lako?", na 2022 ni kama kuna yeyote nyumbani aliyetuma au kupokea pesa kwa simu katika siku 30 zilizopita. Kutumia, kumiliki na kufanya muamala ni vitu vitatu, na hicho cha tatu ni cha kaya, si cha mtu. Hapo hakuna cha kuoanisha. Weka vigeu vitatu vyenye majina matatu, na uandike kwenye jedwali kwamba haviungani.

Mruko nao usiudharau. Kwenye karatasi, aliyejibu "hapana" kwa "Je, ulituma pesa?" aliruka swali la kiasi na kisanduku kikabaki kitupu. Kwenye tableti, programu nyingine hujaza 0 zenyewe. Ukipiga wastani bila kuangalia, 2012 unapata wastani wa waliotuma, na 2015 wastani wa watu wote. Kisha utaandika ripoti kwamba utumaji umeporomoka. Kwa hiyo kila nafasi tupu iliyotokana na "hapana" igeuzwe 0 katika awamu zote, na iliyotokana na mtu kutohusika ibaki tupu.

Halafu walioulizwa. Kama 2012 kazi iliulizwa wenye miaka 15 kwenda juu na 2018 ikaulizwa kuanzia miaka 5, kigeu kilichooanishwa ni cha miaka 15+ tu. Watoto wa 2018 hawapotei, wanabaki kwenye kigeu asilia.

FundiStata

Naongezea hapo kwenye nafasi tupu. Stata ina aina 27 za tupu: nukta peke yake, na `.a` hadi `.z`. Zitumieni. Mpango unaofaa: `.a` hajui, `.b` alikataa, `.c` haimhusu, `.d` swali halikuulizwa awamu hiyo. Hiyo `.d` ndiyo itakayokuokoa mwaka ujao mtu akikuuliza kwa nini 2015 haina takwimu za choo.

Lakini kumbuka Stata huihesabu kila tupu kuwa kubwa kuliko nambari yoyote ile. Amri hii

`gen mtu_mzima = umri >= 18`

inampa 1 kila mtu ambaye umri wake haujulikani. Iandike `gen mtu_mzima = umri >= 18 if !missing(umri)`. Na kabla ya kufuta 98 na 99 (misimbo ya "hajui" au "alikataa") kwa amri moja inayopita vigeu vyote, tazama umri: kuna shosho wa miaka 98 kweli. Futa kigeu kwa kigeu, awamu kwa awamu.

Sasa nambari za kaya, maana hapa ndipo faili nyingi hufia bila kelele. Tuseme nambari inaundwa na kaunti 47, kata 012, klasta (kundi la kaya jirani) 031, kaya 15. Mtu anaandika

`gen kaya_id = kaunti*100000000 + kata*100000 + klasta*100 + kaya`

Inatakiwa itoke 4701203115. Lakini `gen` bila maelezo huunda `float` (aina ya nambari yenye usahihi mdogo), na `float` hushika nambari kamili bila kosa hadi 16,777,216 tu. Kwenye bilioni nne na ushei inaruka kwa hatua ya 512. Kinachohifadhiwa ni 4701202944. Na si kaya hiyo peke yake: kaya zote za klasta 027 hadi 031 katika kata hiyo zinaangukia nambari hiyohiyo. Klasta tano zimekuwa kaya moja, na Stata haijakuonya kitu. Ukiunganisha baada ya hapo kwa `merge m:m` (inayoruhusu nambari kujirudia pande zote mbili), ndiyo basi tena.

Tumia herufi badala ya nambari:

`gen str10 kaya_id = string(kaunti,"%02.0f") + string(kata,"%03.0f") + string(klasta,"%03.0f") + string(kaya,"%02.0f")`

kisha `isid kaya_id` hapohapo, ihakikishe hakuna nambari inayojirudia. Ikigoma, usisonge mbele. Na `merge m:m` ifutwe kwenye skripti zenu zote, haina matumizi halali katika kazi hii.

Mdadisi_Umoja

FundiStata amegusa kaya, mimi naongezea watu. Nambari ya mstari kwenye orodha ya wanakaya si kitambulisho cha mtu. Aliyekuwa mstari wa 03 mwaka 2012 huenda aliolewa akahamia Kitengela, na 2018 mstari wa 03 akaandikwa mtoto wa mpwa. Mtu apewe nambari siku ya kwanza anapoonekana, na nambari hiyo asipewe mwingine hata akifa au akihama. Kaya ikigawanyika, iliyobaki pale pale ipate kiambishi 01 na mpya 02, 03. Utafiti wa paneli (unaorudia kaya zilezile) wa taifa wa Tanzania, ulioanza 2008/09, umefanya hivyo kwa kila awamu kuwa na kigeu chake: `hhid`, kisha `y2_hhid`, `y3_hhid`. Unaweza kumfuata mtu nyuma hadi kaya aliyotoka.

Kama 2012 haikuwa na nambari za watu, mtaunganisha kwa jina, jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Jina peke yake halitoshi. Wanjiku wa 2012 ni Shiko 2015, na 2018 ni Mama Brayo kwa sababu aliyejibu alikuwa jirani wa ploti. Anza na jinsia ileile na mwaka wa kuzaliwa usiopishana zaidi ya 3, ndipo ulinganishe majina, na yanayobaki yasomwe na macho ya watu wawili wasioonyeshana majibu.

Karani_wa_Ngara

Asanteni, hii ndiyo niliyoitaka. Maswali mawili ya haraka. Misimbo ya kaunti 2015 na 2018 yote ni 1 hadi 47, naweza kuunganisha moja kwa moja? Na `append` ya faili nne (kuzipanga moja chini ya nyingine) imekubali bila kosa lolote, kwa hiyo lebo (maneno ya kila msimbo) ziko sawa?

FundiStata

Hapana, na hapana.

Misimbo rasmi ya kaunti huanza na Mombasa 001, Kwale 002, Kilifi 003, na Nairobi ndiyo 047. Lakini watengenezaji wengi wa fomu za tableti hupanga kaunti kwa alfabeti, Baringo ikawa 1. Kwa mpangilio huo Nairobi ni 30. Kwa mpangilio rasmi 30 ni Baringo. Ukiunganisha bila kuangalia, unahamisha jiji zima hadi Bonde la Ufa na hakuna amri itakayogoma, kwa sababu pande zote zina 1 hadi 47. Geuza kwanza kuwa majina, sawazisha tahajia (Murang'a na Muranga, Taita Taveta yenye kistari na isiyo nacho), kisha urudishe misimbo rasmi.

Kuhusu `append`: kama faili mbili zina lebo zenye jina moja, tuseme `maji`, Stata hubakiza ya faili ya kwanza na kuitupa ya pili. Inaandika mstari mmoja kwamba lebo tayari ipo, na mstari huo hupita kama umeme. Matokeo: msimbo 5 wa 2018, ambao ulikuwa kioski, unasomeka "kisima" kwa sababu 2012 tano ilikuwa kisima. Jedwali linapendeza, namba ni za uongo. Kabla ya `append`, kila awamu igeuze misimbo yake kuwa misimbo mipya, na lebo mpya iandikwe mara moja tu baada ya kuunganisha. Na msitumie `force` kwa `append`. Kigeu cha herufi kikikutana na cha nambari, upande mmoja hugeuzwa tupu.

Moja zaidi kwa data ya tableti. Maswali yanayoruhusu majibu mengi huhifadhiwa kama mstari wa herufi, mfano "1 3 11". Ukitafuta 1 kwa `strpos(x,"1")` utaipata pia ndani ya 11, hata kwa aliyejibu "3 11" tu. Weka nafasi pande zote: `strpos(" "+x+" "," 1 ")>0`.

Mtaa_wa_Juja_Road

Kwa maeneo ya ndani ya Nairobi kuna jingine. Data ya 2012 huenda ina majimbo ya zamani, manane: Makadara, Kamukunji, Starehe, Langata, Dagoretti, Westlands, Kasarani na Embakasi. Kuanzia uchaguzi wa 2013 ni 17. Embakasi peke yake ilitoa tano. Huwezi kujua kaya ya 2012 iko Embakasi Mashariki au Magharibi kwa jina la jimbo tu. Itabidi ushuke hadi lokesheni ndogo au alama za GPS. Kama hamna, pandeni juu, mripoti kaunti.

Mwalimu_Rongai

Elimu naichukua mimi, kwa sababu naona watu huichukulia rahisi mno. Wanachofanya ni hiki: kidato cha nne = miaka 12, basi. Si kweli kwa kila mtu aliye kwenye faili yako.

Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulianza 1985. Waliotangulia walisoma darasa la saba kisha kidato cha nne, yaani miaka 11, na waliofika kidato cha sita walikuwa na 13. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne wa mfumo ule ulifanywa 1987, wa kidato cha sita 1989, na mwaka huohuo wa 1989 ndio KCSE (mtihani wa kidato cha nne wa 8-4-4) ya kwanza. Kwa hiyo babu aliyemaliza kidato cha nne 1979 ana miaka 11, na binti yake wa 2005 ana 12. Kama hojaji haikuuliza mwaka wa kumaliza, mpaka wa kukadiria ni waliozaliwa karibu 1971, na kwa kuwa wengi walianza shule wakiwa wamechelewa, weka kigeu cha pembeni kinachosema "mfumo umekadiriwa".

"Amemaliza msingi" ni gumu zaidi: miaka 7 kwa wazee, 8 kwa 8-4-4, 6 kwa mtaala wa umilisi. KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya mwisho ilikuwa 2023 na darasa la kwanza la gredi ya 7 liliingia Januari 2023. Data yenu inaishia Februari 2022 kwa hiyo mmeponea hapo, lakini kama awamu ya tano inakuja, msijenge kigeu kikuu kwa hatua za shule. Jengeni kwa miaka ya kusoma iliyokamilika, kisha hatua zitolewe humo pamoja na mfumo. PP1 na PP2 (madarasa ya awali) zisihesabiwe, maana 2012 "nasari" ilikuwa kapu la kila kitu.

Sasa uhakiki wa kupanda darasa. Mtu ataandika sheria: kati ya Februari 2018 na Februari 2022 ni miaka minne, mtoto apande madarasa manne, asiyepanda manne ni kosa la data. Mtafuta watoto wa watu! Shule zilifungwa Machi 2020, nyingi zikarudi Januari 2021, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai na kwenda hadi Machi 2022. Aliyekuwa darasa la pili Februari 2018 alikuwa la tatu 2019, la nne 2020 hadi katikati ya 2021, na Februari 2022 yuko gredi ya 5. Amepanda matatu na hakurudia hata mara moja. Anayeonyesha manne ndiye wa kutiliwa shaka.

BiTakwimu

Mwalimu, hapo umenifunza. Kwenye maji na choo nashauri njia ya kawaida: shuka hadi kiwango ambacho awamu zote zinakifikia. Kama 2012 ilikuwa na "muuzaji wa maji" peke yake, na 2018 ikatenganisha mkokoteni, bauza (lori la maji) na kioski, zote tatu zirudi kuwa muuzaji. Choo vilevile: kama 2012 haikuuliza kama choo cha shimo kina sakafu ya kusimamia, huwezi kusema ni choo bora au la katika awamu yoyote.

Mdadisi_Umoja

Dada, hapo napinga nusu. Ukishusha kila kitu hadi kwa 2012, awamu moja mbovu inaburuta tatu nzuri. Kioski ya maji Mukuru na bauza ya ploti Kilimani haziwezi kuitwa kitu kimoja kwa sababu tu hojaji ya kwanza ilikuwa fupi. Mimi huweka vigeu viwili: `maji_4` chenye makundi machache, kinachopatikana awamu zote nne, na `maji_3` chenye makundi kamili, cha awamu tatu kuanzia 2015, na `.d` kwa 2012. Mchambuzi achague. Kisha nenda kwenye "nyingine, taja" ya 2012 ukaisome. Mara nyingi wadadisi waliandika "mkokoteni" kwa kalamu, na hiyo inakurudishia sehemu ya kundi.

BiTakwimu

Vigeu viwili nakubali. "Taja" hapana, au kwa tahadhari kubwa. Aliyeandika "mkokoteni" pembeni ni mdadisi mmoja mwenye bidii. Wenzake kumi waliweka tiki kwenye "muuzaji" wakaenda zao. Ukirudisha misimbo kutoka pale, unapima bidii ya mdadisi. "Taja" itumike tu kurudisha jibu ndani ya kundi lililokuwepo tayari kwenye hojaji hiyo.

Mdadisi_Umoja

Hoja ya haki. Basi angalau ipigwe jedwali la "taja" kwa nambari ya mdadisi, ionekane kama ni mtu mmoja au ni wote.

Uchumi_Kasarani

Ajira. Oktoba 2013 mkutano wa 19 wa wanatakwimu wa kazi chini ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ulibadilisha maana ya mtu aliyeajiriwa: anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani pekee hahesabiwi tena kuwa kwenye ajira, anahesabiwa kwenye aina nyingine ya kazi. Kwa Nairobi haitikisi sana, lakini kwa kaya zenu za Machakos itaonekana kama watu wamepoteza kazi kati ya 2012 na 2018 na hakuna aliyeacha hata jembe. Maana mpya inahitaji swali la kama mazao ni ya kuuza au ya kula. Kama 2012 halikuwepo, usijaribu kuibuni; jenga maana ya zamani katika awamu zote, na mpya kuanzia lilipoulizwa.

Misimbo ya kazi pia: angalia kama 2012 walitumia ISCO-88 na baadaye ISCO-08 (orodha za kimataifa za misimbo ya kazi). Kwenye tarakimu nne baadhi ya kazi ziligawanywa na nyingine zikaunganishwa. Baki kwenye tarakimu moja au mbili, na hata hapo pitia mameneja na wauzaji, mama mboga wamehamahama sana.

Matumizi sasa. Kipindi cha kukumbuka hakigeuzwi kwa kuzidisha. Chakula cha siku 7 ukikizidisha mara mbili hakiwi chakula cha siku 14, kwa sababu mtu husahau kadiri muda unavyorefuka. Kama kipindi kilibadilika, sema wazi kwamba viwango havilinganishwi, ulinganishe nafasi ya kaya ndani ya awamu yake.

Vipimo: gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya mahindi na gorogoro ya maharagwe haina uzito mmoja, na ya kufura kwa juu si sawa na iliyosawazishwa kwa kijiti. Chukua mizani, nenda Nyamakima au soko lililo karibu na klasta zenu, pima kila nafaka mara kadhaa kwa wauzaji tofauti, utumie kiwango kimoja cha kila nafaka kwa awamu zote. Usitumie kilo zilizokadiriwa na mhojiwa 2012 halafu za mizani 2018. Mafuta na sukari ya kupima ya shilingi kumi yabaki kwenye thamani ya pesa. Ujazo wake hubadilika na bei.

Bei zenyewe zisawazishwe kwa mwezi wa mahojiano, si kwa mwaka wa awamu. Fahirisi ya bei ya KNBS (shirika la takwimu la Kenya) ilikuwa na msingi wa Februari 2009 = 100, kisha Februari 2019 = 100. Usiziweke kwenye safu moja hivihivi. Chukua fahirisi ya Februari 2019 kwa msingi wa zamani, igawe kwa 100, hicho ndicho kiunganishi. Kila fahirisi ya zamani igawe kwa kiunganishi hicho, zitakuwa kwenye msingi mpya.

Karani_wa_Ngara

Na fahirisi ya mali (alama ya uwezo wa kaya kwa vitu ilivyonavyo)? Tuna redio, TV, friji, simu ya mezani, deki ya video, simu janja. Nikokotoe kila awamu peke yake?

Uchumi_Kasarani

Ukikokotoa kila awamu peke yake, kaya inaweza kununua friji na alama zake zikashuka, kwa sababu wenzake nao wamenunua. Hiyo inafaa kwa nafasi, haifai kwa mabadiliko. Unganisha awamu zote, kokotoa uzito wa vitu mara moja, vitu viwe vilivyoulizwa awamu zote nne tu. Deki na simu ya mezani zitoe: 2012 zilionyesha uwezo, 2022 zinaonyesha kabati lisilosafishwa. TV iangalie pia, maana mitambo ya analogi ilizimwa 2015 na baadhi ya hojaji zikaanza kuuliza kisimbuzi kando.

Karani_wa_Ngara

Na umri na jinsia zisipokubaliana? Kuna mtu ni mwanamume 2012, mwanamke 2015, mwanamume 2018 na 2022.

Mdadisi_Umoja

Kwanza hakikisha ni mtu mmoja. Jinsia ikigeuka pamoja na umri kuruka na uhusiano na mkuu wa kaya kubadilika, umeunganisha watu wawili, na shida iko kwenye nambari. Kama vingine vyote vimetulia, chukua jinsia inayojirudia zaidi. Umri ujengwe kutoka mwaka wa kuzaliwa mmoja kwa mtu: tarehe kamili iliyosomwa kwenye kitambulisho au cheti inashinda umri wa kutajwa, na umri aliojitajia mwenyewe unashinda ule uliotajwa na mwingine. Thamani asilia zote zibaki, na kigeu cha pembeni kiseme sheria ipi ilitumika.

Mtaa_wa_Juja_Road

Bima iandalieni nafasi mapema hata kama hamna data ya baada ya 2022. NHIF, bima ya afya ya taifa, iliisha, SHA iliyochukua nafasi yake ikaanza kazi Oktoba 2024, na kujisajili si kulipa. Tenganisheni vigeu viwili, aliyesajiliwa na aliyelipiwa. Kama awamu za nyuma ziliuliza "una bima?" tu, hiyo ni kigeu cha tatu, msiilazimishe kuwa mojawapo ya hivyo.

FundiStata

Mpangilio wa faili, kwa ufupi. Data asilia haiguswi. Skripti moja kwa kila awamu inabadilisha majina na misimbo tu, ikisoma kutoka kwenye jedwali la BiTakwimu lililohifadhiwa kama CSV. Baada ya `append`, vigeu vyote vya kukokotoa vinatengenezwa na skripti moja ya pamoja, ili kosa likiwepo liwe kosa lilelile kila awamu. Msiopenda kuandika mwanzo hadi mwisho, `iecodebook append` ya DIME, Benki ya Dunia, hufanya sehemu hiyo kwa jedwali la Excel. Vigeu visiwe na mwaka kwenye jina. Mwaka uko kwenye safu ya `awamu`.

Karani_wa_Ngara

Nimepitisha stima kwa majaribio. Kaya zenye stima zinapanda 2012 hadi 2015, zinashuka kwa ghafla 2018, kisha zinapanda tena 2022. Kaya ni zilezile. Misimbo nimeikagua mara mbili.

BiTakwimu

Soma swali la 2018. Ni "Je, nyumba ina stima?" au ni "Chanzo kikuu cha mwanga ni nini?"

Karani_wa_Ngara

Ni chanzo kikuu cha mwanga. Nyingine tatu zinauliza kama nyumba imeunganishwa.

BiTakwimu

Basi wenye stima wanaowasha sola au taa ya kuchaji kwa sababu ya tokeni wamehesabiwa hawana. Tazama sehemu ya matumizi ya 2018: kaya iliyolipa tokeni au bili ya umeme mwezi huo imeunganishwa, hata kama mwanga wake mkuu ni sola. Lakini kabla ya kuwarekebisha, fanya hesabu hiyohiyo kwa 2015 na 2022, ambako jibu la kweli unalo, uone malipo hukosa wangapi walio na stima, hasa wapangaji ambao umeme uko ndani ya kodi ya nyumba. Ikiwa inakosa wengi, 2018 ipate `.d` na uiache hivyo.